Kijiji Chetu Kilianza Lini? Kutafuta Asili Katika Faili za Zamani

(Hotuba kwa kamati za vijiji)



Katika vijiji vya kikoloni hapa Nyeri, swali moja hurudi kila baraza: nani alikaa hapa kwanza? Jibu lake linagusa jina litakaloandikwa kwenye hatimiliki.

Juni 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni iliamua watu watolewe kwenye boma zao na kukusanywa vijijini. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamehamishwa. Baadaye mashamba yaliunganishwa na kugawanywa upya. Waliopata shamba walirudi shambani; wasiopata, wengi wao walibaki kijijini.

Sasa, mkitafuta, msianze na 1954. Anzeni na karatasi mliyo nayo leo, iwe risiti au barua ya chifu, kisha mrudi nyuma hatua kwa hatua. Faili la zamani ni mazungumzo: ofisa anaandika, mkubwa wake anajibu, mwananchi analalamika. Ukisoma barua moja bila jibu lake utapotoka. Andikeni pia kila tahajia ya jina la kijiji, na jina la chifu wa wakati huo, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia. (Wa leo pia, msinicheke.) Na tarehe ambayo kijiji kinatajwa mara ya kwanza siyo lazima iwe tarehe kilipoanza.

Ripoti za mwaka za DC ziko Nairobi, kwenye Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue. Mkiambiwa faili limepotea, ulizeni tena. Rekodi ya kesi ya Dedan Kimathi, iliyosikilizwa hapa Nyeri Novemba 1956, haikuonekana kwa miongo mingi. 2017 ilitoka kitabuni. Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha faili za Kenya huko Hanslope Park. Faili hizo ziliwasaidia wazee wetu mahakamani, na 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Lakini karatasi hizo ziliandikwa na ofisa, si na mama aliyechimba handaki kando ya msitu. Kwa hiyo kila kamati iwaandike wazee wake wakiwa hai: alichokiona mwenyewe mbali, alichosimuliwa mbali. Wakitofautiana na faili, andikeni yote mawili. Mkija ofisini leteni nakala. Karatasi halisi ibaki nyumbani.