Feni ya Mashine Inapopiga Kelele

Mazungumzo yetu na mafundi seremala wa Kirumba, Mwanza

 

Leo tunazungumza juu ya kelele. Siyo kelele za soko la Mwaloni, hizo tumezizoea. Tunasema kelele za feni katika mashine za kukerezea mbao, zile zenye kisanduku cha kubadili spidi.

Sisi wenyewe tulikosea. Kikundi chetu kilinunua mashine ya kukerezea miguu ya vitanda. Feni yake ilivuma asubuhi hadi jioni, hata mashine ikienda polepole. Majirani wakalalamika. Mwenzetu mmoja akasema, "Kwani feni hii inakereza mbao? Tuikate tu!" Tukakata waya wake. Kweli, karakana ikatulia. Siku ya tatu, tunakereza mvule kwa spidi ndogo, tukasikia harufu ya kuungua. Mota imekwisha. Fedha ya kuisuka upya ilitoka mfuko wa kikundi, na fedha hiyo tuliiweka kwa sare na madaftari ya watoto. Akina mama wa kikundi walituuliza maswali magumu, na hatukuwa na jibu.

Sasa tueleze kilichotokea. Mota ikifanya kazi hupata joto. Mota nyingi zina feni kwa nyuma, imefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe. Mota ikizunguka, feni inazunguka nayo na kupuliza hewa juu ya mapezi ya chuma. Ukipunguza spidi, na feni inapunguza. Spidi ikiwa nusu, hewa nayo ni kama nusu. Lakini mbao ngumu bado inaisumbua mota, na joto halipungui kiasi hicho. Ndiyo maana mashine nyingine huwekewa feni ya pili yenye umeme wake, ambayo haifuati spidi ya mota. Ya kwetu ilikuwa hiyo. Tulimkata mlinzi wa mota!

Kwanza, basi, jua kelele inatoka wapi. Badili spidi usikilize. Kelele ikipanda na kushuka pamoja na spidi, tazama feni ya kwenye mhimili, beringi za mota, au mkanda. Kelele ikibaki ile ile, ni feni yenye umeme wake, au feni ndogo ya kwenye kisanduku. Ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu, huenda siyo feni kabisa. Ni umeme wa kisanduku unaoilia mota. Huo mwachie fundi umeme.

Kabla ya kugusa kitu, zima swichi kubwa na chomoa waya. Halafu ngoja. Kisanduku hicho huweka umeme ndani hata baada ya kuzimwa, nao unaweza kuua. Mara nyingi juu yake pameandikwa dakika za kungoja. Yasome maandishi hayo, ndugu, kusoma tumejifunza. Kisanduku chenyewe usikifungue kama wewe si fundi umeme.

Mara nyingi tatizo ni uchafu tu. Unga wa mbao hushika kwenye mapanga ya feni, upande mmoja ukawa mzito, feni ikatetemeka. Sisi tulikuta na wadudu wa ziwani, wale wanaofuata taa usiku, wamejaa kwenye wavu. Safisha kwa brashi kavu. Ukitumia pampu ya upepo, zuia feni kwa kijiti isizunguke ovyo, maana huharibu beringi. Kisha izungushe kwa mkono. Ikikwaruza kifuniko, nyoosha kifuniko, kaza skrubu. Panga lililovunjika haligundishwi, badili feni. Beringi ikichezacheza au kukoroma, nayo ibadilishwe. Ukinunua feni nyingine, ukubwa na volti ziwe sawa, na hewa iende upande ule ule wa kwanza.

Feni iliyofungwa kwenye bati hulifanya bati livume kama ngoma. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi chini ya skrubu hupunguza mvumo huo. Lakini usiifunike mota kwa gunia. Tumeona watu wakifanya hivyo! Hiyo ni sawa na kuikata feni.

Na masikio? Wataalamu wengi wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Desibeli ni kipimo cha sauti. Kama huna kipimo, fanya hivi: mwenzako akisimama urefu wa mkono, nawe inabidi upige kelele akusikie, hapo panazidi. Tumia vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida haitoshi, ingawa sisi Kanda ya Ziwa tunayo tele. Feni ikiwa nzima, msumeno na randa bado zitapiga kelele zake.

Mota yetu ilisukwa, ikarudi. Waya wa feni tuliuunga siku hiyo hiyo. Inavuma bado, lakini kidogo, na majirani tumewaahidi kufunga saa 12 jioni.