Masikio Yanapolia Baada ya Kazi

Wakazi wa Kongo, Kawangware na Kibera, wapo vijana wanaoshinda kwenye grinda na mashine za kusaga unga, na usiku masikio yanaendelea kulia. Wengi husema ni uchovu. Huenda ni uziwi unaoanza, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Kanuni za kelele za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Akiumia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamlinda, hata kama aliajiriwa kwa mdomo tu.

Mwenye dalili apimwe masikio hospitalini, amweleze daktari kazi yake, kisha amjulishe mwajiri kwa maandishi na kubaki na nakala. Mwajiri naye aripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai huanzia huko, si kortini. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kupinga.

Aliyejiajiri hana wa kumdai. Kinga yake ni vizibo vya masikio, avivae leo.