Kurudisha Rangi ya Mti wa Bunduki ya Kale

Nimepata barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja ambaye mjomba wake akaa Marekani. Mjomba huyo amenunua, kwa kibali cha serikali ya huko, bunduki ya kale ya Kirusi, naye amempelekea mpwa wake picha yake. Chuma chake ni kizima, lakini mti wake umechubuka, na ile rangi yake nyekundu, kama chai ya rangi iliyokolea, imebanduka mahali pengi. Mjomba ataka kuupiga mti wote msasa mpaka uwe mweupe, kisha aupake vanishi ya dukani. Mwanafunzi aniuliza, "Je, Mwalimu, afanye hivyo?"

Jibu langu ni kwamba asifanye. Jioni hii nitaeleza sababu, kisha nitaeleza njia iliyo bora. Mimi si fundi wa bunduki. Nafundisha kazi za mikono katika chuo cha walimu. Lakini mti ni mti, uwe wa kiti au wa bunduki, na dawa nitakayoitaja ndiyo ile ile ambayo maseremala wamepaka viti na makabati tangu zamani.

Kwanza tuijue bunduki yenyewe. Inaitwa Mosin-Nagant. Jeshi la Urusi liliipokea mwaka 1891, ikarekebishwa mwaka 1930, na mamilioni yake yalitengenezwa, hasa katika viwanda vya Tula na Izhevsk. Kitako chake kwa kawaida ni cha mti uitwao betula, ambao hukua katika nchi za baridi na mbao zake ni nyeupe. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, nyingi za bunduki hizi zilirudishwa katika karakana za jeshi, zikatengenezwa upya, zikapakwa shelaki nzito yenye wekundu, kisha zikawekwa ghalani. Basi wekundu ule si wa mti, wala si uchafu. Ni nguo ambayo mti umevikwa. Mtu akiupiga msasa, ameutupa wekundu wote.

Na shelaki ni nini? Huko India na Thailand kuna wadudu wadogo sana ambao hukaa kwa wingi juu ya matawi ya miti fulani, wakafyonza utomvu wake na kutoa utando mgumu wa kujifunika. Watu hukata vijiti hivyo, wakakwangua utando, wakausafisha na kuuyeyusha, ukawa magamba membamba yenye rangi ya asali au ya damu ya mzee. Hiyo ndiyo shelaki. Nasi si wageni nayo. Lakiri iliyofungia barua na vifurushi hapo kale ilichanganywa shelaki. Kadhalika sahani za santuri za zamani. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba nyimbo zake mbele ya chombo cha kunasia sauti, sauti yake ilitiwa katika sahani za shelaki. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakisikiliza santuri barazani walikuwa wakiisikia sauti yake ikitoka katika kazi ya wadudu hao.

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla ya yote, mwenye bunduki ahakikishe kwamba haina risasi hata moja, kisha autoe mti kwenye chuma. Mtu asiye na kibali asiguse kazi hii kabisa. Ajifunze kwa kigoda chake.

Hatua ya kwanza ni kuuliza mti umepakwa nini. Kitako kina bamba la chuma mwishoni. Likifunguliwa, utaona mahali pasipoonekana na watu. Chovya kitambaa katika spiriti, usugue hapo kidogo. Rangi ikilainika, ikanata, na kitambaa kikawa chekundu, basi ni shelaki, kwa maana spiriti huyeyusha shelaki. Isipolainika, acha. Si kila bunduki ilipakwa shelaki. Zile za Kiingereza, ambazo askari wa King's African Rifles walizichukua, zilipakwa mafuta ya kitani, na kuzipaka shelaki ni kuzivika nguo ya mwingine.

Ikiwa ni shelaki, futa grisi na vumbi kwa kitambaa kikavu. Usikwangue. Hapa ndipo uzuri wa shelaki ulipo: shelaki mpya ina spiriti ndani yake, na spiriti hiyo hulainisha shelaki ya zamani, zikashikamana zikawa kitu kimoja. Vanishi nyingi za siku hizi haziwezi hivyo. Hukaa juu ya ile ya zamani kama ngozi, na kesho zaweza kubanduka. Kwa hiyo penye kidonda patatiwa dawa, na penye uzima pataachwa.

Kuichanganya, chukua gramu 30 za magamba ya shelaki, uyatie katika robo lita ya spiriti safi, ndani ya chupa ya kioo. Funika, tikisa mara kwa mara, uache mpaka kesho, kisha chuja kwa kitambaa. Tengeneza kiasi cha kutosha kazi yako tu, maana shelaki iliyokwisha kuchanganywa ikikaa miezi mingi huchakaa, nayo haikauki tena sawasawa. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja juu ya kioo. Asubuhi likiwa bado lanata, mwaga.

Sasa rangi. Yako magamba ambayo yenyewe ni mekundu ya kahawia, na pengine hayo yatosha. Yasipotosha, tafuta rangi ya unga iyeyukayo katika spiriti, nyekundu, manjano na kahawia. Yeyusha kila moja mbali katika spiriti kidogo, kisha utie matone machache katika sehemu ya shelaki, matone machache tu, kwa maana kuongeza ni rahisi na kupunguza ni shida. Usijaribu juu ya bunduki. Jaribu juu ya kipande cha mbao nyeupe, upake mara moja, mara mbili, mara tatu, ukiandika kando ya kila mstari idadi ya matone. Kikikauka, kipeleke nje, ukilinganishe na kitako katika mwanga wa mchana. Taa ya usiku hudanganya: rangi iliyo sawa usiku, asubuhi yaonekana kama kiraka.

Unapopaka, paka nyembamba na upesi, ukifuata nyuzi za mti, wala usirudi nyuma. Ukirudi juu ya mahali palipoanza kukauka, spiriti itaiburura rangi ya chini, na michirizi itaonekana. Acha saa moja au zaidi, ndipo upake tena. Mara mbili au tatu za shelaki yenye rangi, kisha mbili za shelaki isiyotiwa rangi ili kuilinda. Usifanye kazi hii siku ya mvua, maana unyevu wa hewa huingia ndani ya shelaki ikawa na ukungu mweupe. Na jihadhari: spiriti hushika moto upesi, basi fanya kazi penye hewa, mbali na jiko na taa ya moto. Spiriti ya kuwashia, ile iliyotiwa sumu, hupofusha na kuua akinywewa. Iwekwe mbali na watoto.

Huenda mtu akasema, "Taabu yote hii ya nini? Msasa ungemaliza kwa nusu siku." Nami hapo zamani nilisema vivyo hivyo. Babu yangu alikuwa askari, akaenda Burma mwaka 1944. Alirudi na sanduku la mbao, na juu ya kifuniko alikuwa amechora kwa ncha ya kisu nambari yake ya uaskari na mistari midogo, mmoja kwa kila mwezi aliokuwa mbali na nyumbani. Nilipomaliza chuo, mwalimu kijana mwenye mikono ya haraka, nilitaka kumfurahisha. Nikalipiga sanduku msasa mpaka likawa jeupe, nikalipaka vanishi likang'aa kama kioo. Babu alipapasa kifuniko muda mrefu, maana macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Kisha akaniambia kwa upole, "Umefanya kazi nzuri, mjukuu wangu. Lakini sanduku langu liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nambari sikuikariri, na mistari sikuihesabu. Yeye mwenyewe amekwisha kufariki, wala hakuna wa kumwuliza.

Mti wa bunduki ya kale nao una mistari yake. Una mihuri midogo ya kiwanda na ya karakana iliyogongwa ndani ya mti. Una mahali palipolainika kwa mikono, na pengine alama alizochora askari ambaye jina lake halijulikani. Mihuri na alama hizo kina chake ni kidogo sana. Msasa wa dakika tano waimaliza. Shelaki huweza kuondolewa na kupakwa tena hata mara kumi. Mti uliokwisha kuwa vumbi haurudi.

Limebaki jambo moja, nalo ni la uaminifu. Mtu akiisha kulinganisha rangi kwa ustadi hata jicho lisitambue, aweza kumwuzia mwingine akimwambia kwamba rangi ile ni ya asili. Huo ni uwongo, hata kama mkono uliopaka ni wa fundi bora. Basi mjomba akimaliza, aandike katika karatasi ndogo tarehe, na mahali alipopaka, na kitu alichopakia, aiweke chini ya lile bamba la mwisho wa kitako kabla ya kulifunga. Atakayeifungua baada ya miaka mingi ataona kazi ya Warusi na kazi ya mjomba, kila moja kwa jina lake.

Nawe mwanafunzi uliyeniandikia, mwambie mjomba wako aweke msasa kando, aanze na kitambaa na spiriti kidogo. Na ninyi wengine, mkiwa na kigoda au sanduku la wazee lililochubuka, litazameni vizuri kwanza, mkaulize lilichorwa nini na nani, wakati wangaliko wa kuulizwa.

Kwaherini.