Makaa ya Mawe na Watu Wanaoishi Juu Yake

(Mada iliyotolewa katika semina ya kamati za sharika)



Tumeombwa tuzungumzie makaa ya mawe. Kwanza tuyatofautishe na mkaa wa jikoni, ambao tunauchoma wenyewe kwa siku chache kutokana na mti uliokatwa juzi. Makaa ya mawe nayo yalikuwa mimea, ila ni mimea iliyoota katika vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Ilianguka majini, ikafunikwa na tope kabla haijaoza yote, kisha uzito wa udongo na joto la ardhini vikaigandamiza hadi ikawa jiwe jeusi linalowaka. Yakichimbwa hayaoti tena.

Hapa Tanzania yako hasa upande wa kusini: Kiwira, Ngaka wilayani Mbinga, na Mchuchuma wilayani Ludewa. Mengi huchomwa katika viwanda vya saruji, na vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, mengine yalisafirishwa hadi Ulaya kupitia bandari ya Mtwara. Moshi wake huongeza joto la dunia, na mkulima anayesubiri mvua analijua hilo kuliko sisi wa semina.

Tukae zaidi na Mchuchuma. Mkataba kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina ulitiwa saini mwaka 2011. Wananchi walianza kulipwa fidia mwaka 2023. Hebu tuhesabu: miaka 12! Mtu aliyeambiwa eneo lake litachukuliwa hapandi miti wala hajengi, na watoto wanaendelea kukua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kwa hiyo, kabla mthamini hajafika, kila kaya iandike mipaka yake, nyumba, miti, mazao ya kudumu na makaburi (haya husahaulika sana), na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Mthamini akimaliza, asiondoke na fomu zote. Wafadhili, nauli za wasaidizi wa kisheria mnazoziona kwenye bajeti zinakwenda kwenye kazi hii.

Tena, tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni inayochimba inapaswa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Diwani wenu anaweza kuuomba mpango huo. Mwulizeni katika mkutano ujao wa kijiji.