Konda na Dereva

(Kipindi cha afya na masomo. Mtangazaji mmoja, hakuna mgeni. Wimbo wa kipindi unapungua.)

Hodi hodi ndugu zangu wa Kakuma 1 mpaka Kakuma 4, na ninyi wa Kalobeyei. Na wewe uliyeshika karatasi hii chini ya mti kwa sababu redio yako haina betri, karibu. Soma polepole, ukimaliza mpe jirani. Karatasi zetu ni chache.

Leo tuna swali lililoletwa kwenye sanduku letu la barua na msichana wa kidato cha tatu. Ameandika hivi: "Kaka mtangazaji, nimesikia kuna watu wanasomea mazoezi chuo kikuu. Miaka minne ya kujifunza kuruka kamba? Hiyo ni kazi kweli, au ni kupoteza ufadhili?"

Dada, swali lako nimetembea nalo wiki nzima, kwa sababu ni swali langu pia. Mwishoni nitakwambia kwa nini. Kwanza twende kwenye basi.

Si matatu ya Lodwar. Ni basi la ghorofa mbili, London, baada ya vita kuu ya pili. Ndani yake kuna watu wawili wa kazi. Dereva anakaa kwenye kiti chake kutwa. Konda anapanda ngazi na kushuka, juu chini, juu chini, akikata tiketi. Daktari mmoja aitwaye Jerry Morris na wenzake waliwafuatilia watu hawa, na mwaka 1953 wakachapisha walichokiona: makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata, wengi uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na haukuwaua haraka vile. Wakaangalia pia watu wa posta. Aliyetembea kupeleka barua alikuwa na nafuu kuliko karani aliyekaa mezani.

Najua utauliza, kama mimi nilivyouliza: labda wanene ndio waliochagua udereva? Morris naye alijiuliza. Akaenda kuangalia sare zao, upana wa kiuno cha suruali. Ni kweli, madereva walivaa suruali pana zaidi. Lakini hata walipolinganishwa watu wa kiuno kile kile, konda bado alikuwa na nafuu. Ngazi zilikuwa zinafanya kazi yake. Daktari huyo mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Hapo, dada, ndipo ulipo mzizi wa somo hili. Mwili unaotembea unabadilika ndani, na mabadiliko hayo yanaweza kupimwa. Na kinachopimika kinaweza kutolewa kama dawa: kwa kipimo.

(Muziki mfupi.)

Sasa wanasoma nini huko chuoni? Nchi ninayoijua vizuri kwa jambo hili ni Australia, ambako baadhi ya majirani zetu wa zamani wamehamishiwa. Kule mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi ni mtu wa afya anayetambuliwa. Anasoma chuo kikuu miaka minne, na tangu mwaka 2006 mpango wa afya wa serikali umekuwa ukisaidia kulipia huduma yake pale daktari anapomtuma mgonjwa kwake.

Mwanzoni anasoma mifupa, misuli, moyo, mapafu, na namna chakula kinavyogeuka kuwa nguvu. Hapo kemia haikwepeki. Baadaye anaingia kwenye magonjwa: kisukari, presha, kiharusi, maumivu ya mgongo, mtu aliyetoka kwenye matibabu ya saratani, mtu mwenye huzuni nzito. Kisha anapelekwa hospitalini na kliniki kufanya kazi chini ya uangalizi kwa mamia ya saa kabla ya kuachiwa mgonjwa peke yake.

Chukua kisukari. Kwa kawaida sukari iliyo kwenye damu inahitaji homoni ya insulini ili iingie kwenye misuli. Kwa mgonjwa wa kisukari mlango huo ni mgumu. Lakini msuli unapofanya kazi hufungua mlango mwingine usiotegemea insulini, na sukari inaingia. Ndiyo maana mtu akitembea baada ya kula, sukari yake hushuka.

Sasa sikiliza hatari yake. Huyo mgonjwa kama anachoma insulini, au anameza aina fulani za vidonge vya kushusha sukari, halafu akatembea mbali bila kula, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, akatetemeka, akatoka jasho, akazimia. Kwa hiyo yule anayemwambia kila mtu "fanya mazoezi" hajasema kitu. Mtaalamu atauliza: unameza dawa gani? Umekula saa ngapi? Kifua kinauma ukipanda kilima? Miguu yako ina vidonda? Ndipo aseme: zoezi hili, mara ngapi kwa wiki, kwa nguvu kiasi gani, dakika ngapi.

Hiyo "nguvu kiasi gani" unaweza kuipima hata wewe bila mashine. Tembea huku ukiongea na mwenzako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hicho ni kiasi cha wastani. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, umezidisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kiasi hicho cha wastani, na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Nakusikia, mama uliye foleni ya maji. Unasema: mimi nabeba mtungi wa lita 20 kutoka bombani, naokota kuni, nalea watoto watano. Mazoezi ya nini tena? Una haki. Kwako wewe huenda mwendo upo wa kutosha, na kinachokosekana ni chakula na pumziko. Wengine wameniambia wazi: mgao umepunguzwa, tunakula mara moja, wewe unatuletea habari za mazoezi! Siwezi kuwapinga. Mtu mwenye njaa hahitaji kuambiwa akimbie. Mtaalamu mzuri huanza na sufuria yako kabla ya miguu yako.

Lakini katika kila bloku kuna mtu ambaye habebi mtungi. Yuko ndani, kwenye mkeka. Alipata kiharusi, au mgongo, au mguu ulivunjika vitani. Tunampelekea uji, tunamgeuza, tunamwambia "pole, pumzika". Huyo ndiye ninayetaka kuwaongelea.

(Kimya kifupi.)

Papa wangu alikuwa fundi cherehani huko Uvira. Hapa Kakuma alipata kiharusi usiku mmoja, upande wa kulia wote ukalegea. Tulimpeleka kutibiwa, akapewa dawa za presha, na sisi tukaambiwa apumzike. Tukatii. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo nilimbeba. Nilimbeba kwenda msalani, nilimbeba kwenda kivulini, nilimlisha kwa mkono wangu. Majirani walinisifu, wakasema huyu kijana ana heshima. Miezi mitano. Mguu wake ukakonda mpaka ukawa kama wa mtoto.

Siku moja alipita kijana anayefanya kazi ya kuwatembelea watu wenye ulemavu. Alimtazama Papa, akaniuliza, "Nani amemfunga huyu mzee?"

Nikasema hajafungwa.

"Basi mbona hasimami?"

Nilikasirika. Lakini alileta kiti, akamkalisha Papa pembeni yake, akamshika mkanda, akamwambia asimame. Akasimama mara tatu, akitetemeka, na mara ya tatu akalia. Kesho yake tena mara tatu. Wiki iliyofuata mara tano. Yule kijana alinieleza kwamba ubongo ulioumia unaweza kujifunza njia mpya, lakini unajifunza kwa kurudia, na hakuna anayeweza kurudia kwa niaba ya mwenzake. Kila mara niliyombeba, nilimnyima zoezi moja.

Leo Papa anafika bombani kwa fimbo. Mkono wa kulia haujarudi, cherehani hataiendesha tena, na vidonge vya presha anameza kila siku. Sitawadanganya kwamba mazoezi yamemponya. Lakini msalani anakwenda mwenyewe, na anayejua thamani ya jambo hilo ni yule aliyewahi kubebwa.

Ile miezi mitano sijaisahau. Hakuna aliyenitaka niwe mkatili. Nilikosea kwa upendo, kwa kutojua. Ndiyo maana, dada, nasema hii si elimu ya kuruka kamba.

Watu hapa wakisikia mazoezi wanawakumbuka wakimbiaji wetu. Ni sawa, tunajivunia. Mwaka 2016 kule Rio, timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliopatikana hapa Kakuma. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Lakini sayansi ile ile inayomwandaa mkimbiaji ndiyo inayompandisha mzee kutoka kwenye kiti. Tofauti ni kipimo.

Sasa njia. Hapa Kenya jina la mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi bado halijazoeleka. Kazi iliyo karibu nayo, na inayotambuliwa kwa sheria tangu mwaka 2014, ni fiziotherapia. Unaweza kuisoma kwa diploma katika vyuo vya mafunzo ya utabibu, au kwa shahada chuo kikuu. Kwa shahada, wastani wa KCSE ni C+ kwenda juu, na masomo ya sayansi yanaangaliwa moja moja. Kwa hiyo, dada wa kidato cha tatu, usiikimbie biolojia, wala kemia, wala fizikia. Kuhusu ada, kuna ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR, unaosomesha wakimbizi katika nchi walizokimbilia. Nafasi ni chache kuliko waombaji. Uliza mapema, weka vyeti vyako kwenye mfuko wa plastiki mvua isivipate, na kabla ya kujaza fomu ya kozi yoyote, uliza kama mkimbizi akimaliza ataweza kusajiliwa kufanya kazi. Swali hilo ulize wewe, usisubiri waliseme wao.

Nami nilikuahidi kukwambia kwa nini swali lako ni langu. KCSE nilipata C+, lakini kemia ilinitupa. Nina nafasi ya kusoma kompyuta, ambayo wengi wanasema ina pesa. Na nina fomu ya diploma ya fiziotherapia, ambayo huenda wakanikataa kwa sababu ya ile kemia. Papa aliponiona naishika fomu ya pili akaniambia, "Mwanangu, usisome kwa ajili ya mguu wangu. Mguu wangu utakufa na mimi."

Nilikaa na neno hilo siku tatu. Kisha nikamjibu kwamba mguu wake ni mmoja, na katika bloku yetu peke yake nimehesabu watu saba walio kwenye mikeka. Nimeijaza fomu. Majibu bado. Nikikataliwa nitarudia mtihani wa kemia, na nitawaambia hapa hapa.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mtu analala kutwa, usimsimamishe leo kwa nguvu kwa sababu umenisikia mimi. Mimi si tabibu. Nenda kwenye kituo cha afya, muulize anayemtibu swali moja tu: "Anaruhusiwa kufanya nini mwenyewe?" Ukipata jibu, mwache alifanye, hata kama anachelewa, hata kama majirani watasema huna heshima.

Mimi ni mtangazaji wenu. Tukutane wiki ijayo, saa ile ile.

(Wimbo wa kipindi unapanda.)