Mtoto Asome kwa Kufahamu: Kazi ya Kila Siku ya Darasa la Chekechea

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na walimu)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kukusanyika ili tuzungumzie amana kubwa aliyotukabidhi, nayo ni watoto wetu wa umri wa miaka minne, mitano na sita. Tumeombwa tueleze yanayofanyika katika darasa la chekechea tangu mtoto anapoingia asubuhi mpaka anaporudi nyumbani mchana. Lakini nyote mnajua kwamba nyuma ya ombi hilo liko jambo linalongoja uamuzi. Baadhi ya wazazi wamependekeza saa ya hadithi na michezo iondolewe katika ratiba, na badala yake watoto waandike zaidi madaftarini na wafundishwe kwa Kiingereza, ili wasishindwe katika usaili wa kuingia darasa la kwanza kwenye shule za binafsi. Kikao hiki ndicho kitakachoamua. Kabla ya kuamua, twaomba mtusikilize.

Hatuwalaumu wazazi hao. Mzazi anayelipa ada kwa jasho lake anataka kuona matunda, na daftari lililojaa maandishi huonekana kwa macho, ilhali hadithi aliyoisikia mtoto haionekani. Lakini si kila kisichoonekana hakipo. Mbegu nayo haionekani ikiwa ardhini.

Amri ya kwanza

Ndugu wapenzi, ufunuo wa kwanza aliopewa Mtume Mtukufu s.a.w. ulianza kwa amri ya kusoma. Amri hiyo ilimfikia mtu asiyejua kusoma, katika taifa ambalo wenye kujua kuandika walikuwa wachache mno. Haukupita muda mrefu kabla Waislamu hawajaonyesha jinsi walivyoielewa. Waandishi wa historia wanasimulia kwamba baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra, yaani mwaka 624, mateka waliojua kuandika lakini wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliambiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika, kisha aende zake huru. Tufikiri juu ya jambo hili. Jumuiya ile ilikuwa maskini na ilihitaji fedha, lakini elimu ya watoto kumi ilihesabiwa kuwa sawa na fidia ya mtu mzima.

Katika zama hizo hizo Zaid bin Thabit r.a. alikuwa bado kijana mdogo. Mtume s.a.w. alipouona wepesi wake alimwamuru ajifunze maandishi ya Wayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi sana. Kijana huyo ndiye ambaye baadaye, katika ukhalifa wa Abubakar r.a., alipewa kazi ya kuikusanya Kurani Tukufu mahali pamoja. Basi asiwepo mtu atakayesema kwamba kumfundisha mtoto kusoma ni kazi ndogo.

Siku ya mtoto darasani

Mtoto anapofika hutoa salamu, huvua viatu na kuviweka mahali pake. Ukutani ziko kadi zilizoandikwa majina ya watoto wote. Kila mmoja hulitafuta jina lake, huitoa kadi na kuitia katika mfuko wa waliohudhuria. Kwa mgeni huo ni mchezo mdogo, lakini ndilo somo la kwanza la kusoma. Mtoto hutambua kwamba alama zile zamhusu yeye, na si mwenzake. Baada ya wiki chache huanza kuyatambua na majina ya rafiki zake, na hapo huuliza mwenyewe kwa nini jina lake na la jirani yake yanaanza kwa herufi moja.

Kisha hukaa mkekani kwa duara, huomba dua, na huzungumza. Mwalimu huuliza ni nani aliyeona jambo njiani. Mtoto ambaye hawezi kusimulia alichokiona hawezi kufahamu kilichoandikwa na mtu mwingine, kwani kusoma ni kusikia maneno kwa macho. Vitendawili navyo vina mahali pake, maana humzoeza mtoto kutafuta maana iliyofichika ndani ya maneno.

Baadaye huja somo la sauti na silabi. Hapa Mwenyezi Mungu ametuneemesha kwa lugha nyepesi. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akizijua irabu hizo pamoja na herufi m, b na t, tayari anazo silabi kumi na tano, naye aweza kusoma mama, baba, bibi, babu, bata na moto. Akionyeshwa jinsi m na b zinavyoungana, atasoma embe, tembo na tumbo. Sauti nane tu zimemfungulia mlango!

Herufi hizo haziandikwi daftarini kwanza. Huchorwa kwa kidole kwenye sinia la mchanga, hupangwa kwa mbegu, au hufinyangwa kwa udongo. Vidole vya mtoto wa miaka minne bado ni laini, na kumlazimisha kushika penseli saa nzima ni kumtesa. Wala kuandika mchangani si jambo la kudharauliwa. Imepokewa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwafundisha masahaba kwa kuchora mistari: alichora umbo la mraba na mstari unaotokeza nje yake, ili kuwaeleza habari ya mwanadamu, ajali yake na matumaini yake. Ikiwa masahaba watu wazima walifundishwa kwa mchoro, je, mtoto asifundishwe?

Hesabu hufanywa kwa vizibo vya soda, vijiti na kokote. Mtoto asiyeshika vitu vitano mkononi huweza kulitamka neno tano bila kujua ni kiasi gani. Baada ya uji ndipo watoto hutoka kucheza, na wanaporudi husomewa hadithi. Mwalimu hukifungua kitabu mbele yao, huonyesha kwa kidole mahali anaposoma, husimama katikati na kuuliza, "Mwadhani nini kitatokea?" Humo watoto hujifunza kwamba maandishi huenda kutoka kushoto kwenda kulia, kwamba picha na maneno husaidiana, na kwamba ndani ya kitabu mna furaha. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwani asiyeonja utamu wa kitabu akiwa mdogo huvitupa vitabu siku anapomaliza mitihani.

Kukariri na kusoma

Wapo wanaotuambia, "Mtoto wa jirani yetu anasoma ukurasa mzima." Alhamdulillahi. Lakini twaomba mzazi afanye jaribio dogo. Aweke kidole katikati ya ukurasa huo, juu ya neno moja, na amwulize mtoto, "Hili ni neno gani?" Watoto wengi wanaoimba ukurasa mzima kwa sauti kubwa hushindwa hapo, au hurudi mwanzo wa mstari na kuimba mpaka walifikie neno lile. Hao hawajasoma bado. Wamekariri.

Tusieleweke vibaya. Kuhifadhi ni jambo tukufu, na watoto wetu huhifadhi sura fupi na dua mapema, kwa kuwa vifua vyao ni vyepesi kushika. Lakini kuhifadhi ni kazi moja na kusoma ni nyingine, na mzazi asiyezitofautisha hudanganyika kwa sauti nzuri. Hatari huonekana baadaye, mtoto anapofika darasa la tatu akapewa kitabu ambacho hakuna aliyemkaririsha. Hapo hunyamaza, na wazazi husema kwamba mtoto ni mzito. Si mzito. Alipitishwa njia ya mkato.

Ndiyo maana katika masomo ya Kaida twafuata mwendo ule ule. Herufi za Kiarabu ni 28, huandikwa kutoka kulia, na nyingi kati yake hubadilika umbo zikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mtoto huanza na herufi zilizo peke yake, kisha fataha, kasra na dhamma, ndipo aingie katika herufi zilizounganishwa. Hatuzifundishi herufi za Kiarabu na za Kiswahili kwa kikao kimoja. Kila moja ina saa yake na mahali pake, ili mtoto asichanganye upande wa kuanzia.

Suala la lugha

Kuhusu Kiingereza, hatukipingi. Watoto wetu watakihitaji, na watakisoma. Lakini mtoto wa miaka minne asiyekisikia Kiingereza nyumbani, anapofundishwa kusoma kwa lugha hiyo, hubebeshwa mizigo miwili kwa mara moja: kuzijua herufi, na kuyajua maneno yenyewe. Tena herufi za Kiingereza hubadilika sauti mara kwa mara, mambo ambayo hata watu wazima huwatatiza. Atamkapo neno, hana njia ya kujua kama amelisoma sawa, maana neno lenyewe hajapata kulisikia. Mwenye kusoma "embe" hutabasamu, kwa kuwa embe analijua. Akishajua kusoma kwa lugha yake, ufundi huo atauhamishia katika lugha nyingine kwa urahisi zaidi.

Wazee wa Jumuiya yetu waliutambua ukweli huu. Mwaka 1953 ilitolewa tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili, kazi iliyoongozwa na Sheikh Mubarak Ahmad, ingawa wako waliodhani kwamba inatosha watu wasome Kiarabu bila kufahamu. Wazee wale walitaka Mwislamu wa Afrika Mashariki aelewe maneno ya Mola wake. Je, sisi tuliorithi kazi hiyo tuwalee watoto wanaosoma bila kuelewa?

Wengine nao walipita njia hii wakafanikiwa. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, palianzishwa mpango wa shule za awali zilizounganishwa na madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa mwalimu Bi Swafiya Said. Akina mama wa mitaani walifundishwa ualimu, vifaa vilitengenezwa kwa vitu vinavyopatikana pale pale, na dini ikafundishwa pamoja na michezo na hadithi. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Nchini Tanzania nako, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Basi darasa hili si mahali pa kuwahifadhi watoto mpaka wakue. Ni msingi wa nyumba.

Mchezo si upotevu wa wakati

Mtume Mtukufu s.a.w. alimtania mtoto aitwaye Abu Umair kwa kumwuliza habari za ndege wake mdogo. Alirefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, wala hakutaka kumharakisha. Aliagiza watoto waamrishwe kusali wafikapo miaka saba, na kabla ya hapo huwa wakiiga tu wanayoyaona. Aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote aliupata wakati wa kucheza na watoto. Sisi ni nani hata tuseme hatuna wakati huo?

Mtoto anayecheza duka hupanga bei, huhesabu, hubishana na kupatana. Anayengoja zamu yake ya kupiga kamba hujifunza subira. Hayo hayaandikwi daftarini, lakini mwalimu wa darasa la kwanza huyaona tangu wiki ya kwanza.

Wajibu wa nyumbani

Wazazi wapenzi, saa chache za shule hazitoshi. Baada ya sala ya Magharibi, zimeni televisheni kwa dakika kumi na mkae na mtoto. Nyumba isiyo na kitabu cha watoto si nyumba isiyo na maandishi. Kanga ya mama ina jina lake. Mwacheni mtoto alitafute humo neno analolijua. Kalenda ukutani, karatasi ya sabuni, na gazeti hili mnalolisoma, vyote ni kitabu. Bibi na babu wanazo hadithi ambazo hazijaandikwa popote, waombeni wazisimulie. Na baba asidhani kwamba kazi hii ni ya mama peke yake. Mtoto asiyemwona baba yake akishika kitabu hata siku moja, ataaminije kwamba kitabu ni kitu cha thamani?

Kwa hiyo maombi yetu kwa kikao hiki ni matatu. Kwanza, saa ya hadithi na ya michezo ibaki katika ratiba. Pili, kila mzazi aje kukaa darasani asubuhi moja kabla ya muhula kwisha, aone kwa macho yake. Tatu, wale wanaohofia usaili wamruhusu mwalimu awapime watoto wao mwishoni mwa mwaka kwa kitabu ambacho hawajapata kukiona, na matokeo yake ndiyo yatuhukumu sisi walimu. Hatuombi tuaminiwe bila ushahidi.

Mwenyezi Mungu awajalie watoto wetu elimu yenye manufaa, awafanye wapenzi wa kusoma na watendaji wa wanayoyasoma, na atusaidie sisi kuitunza amana hii mpaka tutakapoulizwa juu yake. Amin.

Wassalaam.