Shauri ya Mungu na Mapenzi ya Mungu

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kanisani katika juma la Pasaka)



Liko neno moja ambalo kila mmoja wetu amelisikia matangani, na pengine amelisema mwenyewe. Mtu akifiwa, twaenda kwake, twampa mkono, twamwambia, "Pole, ni shauri ya Mungu." Kisha twanyamaza, kwa kuwa neno hilo limekwisha kufunga mlango wa mazungumzo.

Kazi yangu mimi ni kufasiri, na kwa hiyo nalidhani nayajua maneno. Lakini siku moja nalimwambia neno hilo kijana mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza. Akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Kaka, kama hili ni shauri ya Mungu, basi mimi nina shauri gani tena naye?" Sikuwa na jibu. Nalirudi nyumbani kwa haya, maana nalitambua ya kuwa neno lile halikuwa faraja kwake. Lilikuwa njia yangu mimi ya kuondoka pale upesi. Leo nataka kujaribu kulijibu swali lake.

Kwanza nitawakumbusha habari za kaburi moja lililoko bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka wa 1844 Dr. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Bibi Rosine. Msiba haukuwa mgeni kwao. Hapo nyuma, walipokuwa wakisafiri katika nyika karibu na Massawa, mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wake, akafa. Wakampa jina la Eneba, maana yake ni chozi.

Katika mwezi wa Julai Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike mjini Mombasa, na homa ikamshika. Homa ilikuwa imemlaza na mumewe vile vile. Tarehe 13 Julai 1844 mama yule alifariki dunia, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Mwenyewe alikuwa ameomba azikwe bara, mahali wapitapo watu tuwaitao leo Wamijikenda, ili kila apitaye alione kaburi na kukumbuka sababu iliyomleta.

Sasa angalieni jambo hili. Mwezi mmoja tu kabla ya msiba ule, Dr. Krapf alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kadhi wa Mombasa alimsaidia. Alipopata nafuu hakuomba arudishwe kwao. Alirudi katika kazi ile ile. Yeyote aliyepata kufasiri ajua ya kuwa huwezi kulipa neno vazi la lugha nyingine bila kulipitisha moyoni mwako kwanza. Basi mfikirini mtu huyu, mdhaifu kwa homa, akitafuta maneno ya Kiswahili ya kusimulia jinsi Mungu alivyouumba ulimwengu na kuuona kuwa mwema, hali ng'ambo ya maji liko kaburi la mkewe na mwanawe. Sidhani sentensi ile ilimpita kwa wepesi.

Je, mtu huyu alisema "shauri ya Mungu" akanyamaza? Hasha. Yako mambo mawili yanayofanana kwa sura tu. Moja ni kukata tamaa, na la pili ni kujitoa mikononi mwa Mungu. Anayekata tamaa huiachia mikono yake ianguke, kwa kuwa haoni tena sababu ya kuiinua. Anayejitoa huiweka mikono ile ile mikononi mwa Baba yake, na Baba aweza kuirudishia kazi. Wa kwanza hana la kumwambia Mungu. Wa pili ana mengi ya kumwambia, na pengine mengine ni machungu.

Bwana wetu mwenyewe ametuonyesha. Alipofika kaburini kwa rafiki yake Lazaro, alijua ya kuwa punde kidogo atamwita atoke. Na hata hivyo alilia mbele ya watu. Hakuwaambia Martha na Mariamu wafute machozi kwa kuwa ni shauri ya Mungu. Tena usiku ule katika bustani ya Gethsemane aliomba waziwazi kikombe kile kimwondokee. Aliomba si mara moja tu. Ndipo akayatanguliza mapenzi ya Baba yake mbele ya yake mwenyewe. Basi kumwambia Mungu ya kuwa kikombe ni kichungu si dhambi, wala si upungufu wa imani. Ni sehemu ya sala.

Na ufufuo je? Wako wadhanio ya kuwa Pasaka imekuja kuifuta Ijumaa Kuu, kama mwalimu afutavyo ubao. Sivyo Injili isemavyo. Bwana alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi wake mikono yake, na alama za misumari zilikuwamo bado. Mwili uliokwisha kuyashinda mauti ulikuwa na makovu. Kwa hiyo Mungu hatuahidii ya kwamba tuliyoteswa yatakuwa kama hayakuwapo. Atuahidi ya kwamba hayatakuwa na neno la mwisho. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa mbegu, na sisi wakulima twauelewa vizuri: mbegu ikiingia udongoni twaipoteza machoni petu, wala hatujui siku itakayochipuka.

Dr. Krapf naye hakuyaona mavuno mengi. Mwaka wa 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai. Mwaka wa 1849 akaja Johannes Wagner, akafa mwaka ule ule. Waongofu walikuwa wachache sana. Mwaka wa 1853 afya ilimlazimisha kurudi Ulaya. Alifariki huko Korntal mwezi wa Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatolewa mwaka wa 1882, yeye akiwa kaburini.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ya kuwa Mungu alimwua mama na mtoto ili makanisa yajengwe. Hayo ni maneno ya mfanya biashara anayepima kwa mizani, na Baba yetu si mfanya biashara. Nasema ya kuwa Mungu hakuliacha kaburi lile peke yake. Aliketi karibu nalo, na mtu aliyekuwa akilia hapo akampa nguvu za kushika kalamu tena.

Yule kijana nalirudi kwake baada ya majuma kadhaa. Sikuwa na hotuba. Nalimwomba radhi kwa neno langu la siku ile, tukaenda pamoja kaburini kung'oa majani yaliyoanza kuota. Tulipokuwa tukifanya kazi alilitaja jina la mtoto wake. Ndipo nilipotambua ya kuwa siku ile ya mazishi hata jina sikuuliza. Alinisimulia jinsi mtoto alivyocheka, na jinsi mama yake anavyoamka usiku hata sasa. Kisha akasema, "Mimi bado namwuliza Mungu, kaka." Nikamjibu, "Basi bado mna shauri ninyi wawili. Endelea kumwuliza."

Ndugu zangu, katika juma hili wako wengi kati yetu wenye kaburi jipya. Mkienda kwao, msiende na neno la kufunga mlango. Wachotee maji, wapasulie kuni, waulizeni jina la aliyekufa, mkae nao. Na wewe uliyefiwa, usione haya kumlilia Mungu. Mwana wake alilia kaburini, alilala kaburini, naye alitoka kaburini. Mkono uwezao kukuinua nawe una kovu.

Mungu na atupe sote neema ya kujiweka katika mkono huo. Amin.